Mlango wa mbele wa mninga: jinsi ninavyoutengeneza uani kwangu, kuanzia ubao hadi kitasa

Mlango wa kwanza niliotengenezea nyumba yangu ulinisumbua kabla haujatimiza mwaka. Niliufunga Januari, jua la kaskazi limewaka, nikaubana kwenye fremu kwa mwanya mwembamba kama karatasi. Aprili masika ya Tanga yakakolea, ukawa haufungiki bila kusukumwa kwa bega. Kaskazi iliyofuata paneli mbili, yaani zile mbao pana za kujaza uwazi, zikapasuka katikati, ufa wa kupitisha wembe. Mninga haukuwa na kosa. Nilikuwa nimeupiga gundi pande zote kana kwamba ubao ni chuma, na ubao haukubali kufungwa hivyo. Hunywa unyevu ukatanuka, hukauka ukasinyaa, mwaka baada ya mwaka, hata ukiwa umekatwa miaka 50 iliyopita. Tangu hapo kila mlango ninaotengeneza ninaupa nafasi ya kutembea, na ndiyo njia ninayoieleza hapa.

Mlango wenyewe ni wa reli tatu, yaani mbao za kulala, na paneli nne, unene wa milimita 45, unaofungukia ndani. Ukikamilika una uzito wa karibu kilo 40, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia siku ya kuufunga.

Kuchagua mbao

Mimi hutumia mninga kwa sababu ni miongoni mwa miti ngumu inayotembea kidogo sana, na kiini chake mchwa hawakipendi. Sehemu nyeupe ya pembeni ni jambo jingine: wadudu huila haraka, hivyo ikate yote hata kama inakuuma kupoteza inchi mbili. Mtiki nao ni mzuri, na sisi wa Tanga tunao wa mashamba ya Longuza kule Muheza. Mvule unadumu, ila ndani yake huwa na mawe ya chokaa yanayoua meno ya msumeno ghafla. Mbambakofi, ambao bara wanauita mkongo, ni mzito na imara mno. Uwe na patasi kali kwelikweli. Zanzibar siku hizi wanachonga milango mingi kwa mfenesi, na hawajakosea. Paina mimi siutumii nje.

Nunua mahali wanapotoa risiti na wenye vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao za magendo zinaweza kukamatwa njiani, na mara nyingi zimepasuliwa zikiwa mbichi.

Kupima ukavu

Hapa usiharakishe. Muuzaji akikuambia mbao ni kavu, mshukuru, kisha pima mwenyewe. Kata kipande cha sentimita 2, si cha mwisho wa ubao, bali kuanzia sentimita 30 ndani, kwa maana ncha hukauka mapema na kukudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Kiweke kwenye oveni, nyuzi 100 hadi 105, ukipime tena kila baada ya saa chache mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu katika uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 86 kikaishia gramu 75 kina unyevu wa asilimia 14.7. Kwa huku pwani mimi sianzi kazi ubao ukizidi 15.

Ukizidi, panga mbao kivulini zikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja, kila sentimita 60, vijiti vikifuatana wima kutoka chini hadi juu. Paka rangi kwenye ncha zisipasuke. Mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mizani itakuambia vizuri zaidi kuliko kalenda.

Vipimo

Kabla ya kukata chochote nunua kitasa na bawaba, uviweke mezani. Utaona sababu yake kwenye reli ya kati.

Pima nafasi ndani ya ribeti ya fremu, yaani pale mlango unapokaa, sehemu tatu kwa upana na mbili kwa urefu, kwa sababu miimo ni nadra kuwa sawa. Yangu ilikuwa milimita 2050 kwa 850. Nikatoa milimita 3 kila upande, 3 juu na 10 chini. Mlango ukawa 2037 kwa 844. Nguzo, yaani mbao mbili za kusimama, nimeziachia milimita 2 za kurandwa siku ya kufunga:

- Nguzo 2: 2120 × 122
- Reli ya juu 1: 855 × 120
- Reli ya kati 1: 855 × 200
- Reli ya chini 1: 855 × 220
- Nguzo fupi za katikati 2: upana 100, moja 730 na nyingine 927
- Paneli za chini 2: 668 × 270
- Paneli za juu 2: 865 × 270

Nguzo na reli zote hutoka kwenye mbao za inchi 2, zikarandwa hadi 45. Paneli hutoka kwenye inchi 1, zikabaki 22. Nguzo ndefu zina ziada ya kama milimita 40 kila ncha. Usiikate. Ndiyo itakayozuia ubao usipasuke unapopiga kabari karibu na mwisho.

Kuranda

Mbao kubwa hupeleka kwenye mashine ya mtaani ziondolewe ukwaru, zikiwa bado na milimita 3 au 4 za ziada, kisha nazilaza bandani wiki mbili. Ubao ukifunguliwa ngozi hujipinda kidogo, na afadhali ujipinde sasa. Baada ya hapo nanyoosha kwa randa ndefu ya mkono. Weka fimbo mbili nyoofu juu ya nguzo, moja kila ncha, chungulia usawa wa macho. Fimbo zikikaa sambamba, ubao haujanyongeka. Nguzo iliyonyongeka itatoa mlango unaogusa juu na kuachia chini, na hakuna bawaba itakayoitibu. Ichague nyingine, hiyo ikate vipande vifupi.

Vaa barakoa. Vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na kifua, na wapo mafundi waliopata pumu kwa kulizoea.

Matundu na ndimi

Bana nguzo mbili pamoja, uso kwa uso, uchore mistari ya reli kwa mara moja. Ukichora moja moja, zitapishana tu. Kutoka mguu wa mlango, si kutoka ncha ya ziada: reli ya chini inaishia 220, ya kati inaanza 870 na kuishia 1070, ya juu inaanza 1917. Ulimi ni ncha ya reli iliyopunguzwa unene ipenye tundu la nguzo, na bega ni pale unapoanzia. Mistari ya mabega ya ndimi chora kwa kisu, maana penseli ina unene, na unene huo ndio mwanya utakaouona miaka yote.

Ulimi uwe karibu theluthi ya unene wa mlango. Juba langu, patasi nene ya matundu, lina milimita 16, basi ulimi ni 16. Mfereji unaoshika kingo za paneli nao ni 16 kwa upana, 12 kwa kina, kwenye mstari uleule.

Ulimi mpana kupita kiasi husinyaa ndani ya tundu na kulegea, kwa hiyo reli pana nazipa ndimi mbili. Reli ya juu ina mmoja wa 70. Reli ya kati na ya chini kila moja ina ndimi mbili za 60, katikati pana nafasi ya 50 au zaidi kidogo. Kwenye reli ya juu na ya chini, upande wa nje, acha kijiulimi kifupi cha 38, chenye kina cha mfereji tu. Hicho huzuia reli isizunguke.

Sasa kitasa. Kama sanduku lake ni fupi, sehemu kubwa ya shimo lake itaangukia kati ya zile ndimi mbili za reli ya kati, na kiungo hakitadhurika sana. Kama ni refu, yale ya sentimita 16 na zaidi, litakata ndimi zote mbili, na umeua kiungo chenye kazi kubwa kuliko vyote. Hapo shusha reli ya kati, ianze 700 iishie 900, kitasa kikae juu yake kwenye nguzo tupu. Paneli zitabadilika urefu, hesabu upya.

Toboa matundu kwanza, ndimi baadaye, kwa sababu kupunguza ulimi ni rahisi kuliko kuliongeza tundu. Mimi hupitisha drili yenye kekee ya 14 mfululizo, nusu kutoka ukingo mmoja, nusu kutoka wa pili, kisha namalizia kwa juba. Upande wa nje wa nguzo panua tundu milimita 3 juu na 3 chini, likiteremka kuelekea ndani. Ndiyo nafasi ya kabari.

Ulimi mzuri huingia kwa mkono, ukamalizika kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao. Ukihitaji nguvu, nguzo itapasuka. Ukiingia wenyewe ukadondoka, bandika ubao mwembamba kwa gundi uuchonge upya.

Mfereji na paneli

Mfereji unachimbwa kwa ruta au randa ya mfereji, kwenye kingo zote zinazotazama paneli. Nguzo fupi zina ndimi za milimita 40 kila ncha, zinazoingia kwenye reli.

Kingo za paneli zipunguze hadi 15.5 ziteleze mferejini bila kubanwa. Angalia vipimo: uwazi ni 252, mifereji miwili inaongeza 24, paneli ni 270. Zinabaki milimita 6, tatu kila upande, ambazo ni hewa tupu. Ubao mgumu wa upana huu unaweza kutembea milimita 2 hadi 4 kati ya kaskazi na masika, na hewa hiyo ndiyo makazi yake. Paneli zangu za kwanza zilipasuka kwa kukosa hewa hii.

Zipige msasa na uzipake vanishi, kingo kwa uso, kabla ya kuunganisha. Usipofanya hivyo, zikisinyaa utaona mstari mweupe wa mbao isiyopakwa ukijitokeza pembeni.

Kuunganisha

Unganisha kila kitu kikavu kwanza, bila gundi, na klempu (vibano) zote. Ukifurahi, fungua, tumia gundi inayostahimili maji. Kwa mtiki futa ndimi na matundu kwa thina kwanza, mafuta yake hukataa gundi.

Anza na nguzo fupi kwenye reli, tia paneli bila gundi, kisha nguzo ndefu moja, kisha ya pili. Gundi kwenye ndimi na mabega pekee. Hata tone likiteleza mferejini lifute.

Huna klempu ndefu? Chukua ubao mnene wa mita moja na kitu, pigilia kipande kila ncha, laza mlango kati yake, kisha ingiza kabari mbili zinazokutana ncha kwa ncha na uzigonge kwa zamu. Nilifanya hivyo miaka mingi na milango ile bado imebana.

Pima kona kwa kona, kutoka ukingo wa juu wa reli ya juu hadi ukingo wa chini wa reli ya chini. Vipimo vyote viwili vije karibu 2206. Vikitofautiana, sogeza klempu zikae mshazari kidogo. Chungulia tena kwa fimbo zako mbili. Ndipo upake kabari gundi na kuzipiga, kidogo kidogo, ya juu na ya chini kwa zamu. Acha hadi kesho.

Kufunga mlangoni

Kata zile ziada, randa hadi uingie. Ukingo wa upande wa kitasa uinamishe kama milimita 2 kuelekea upande unaotangulia kuingia kwenye fremu, usikwaruze unapofunga. Huku pwani mwanya wa kitasa naupima kwa majira: Januari naacha 4, katikati ya masika 2 zinatosha, kwa kuwa ubao tayari umeshiba.

Bawaba tatu za inchi 4, shaba au chuma kisichoshika kutu; chumvi ya bahari hula za kawaida. Ya juu sentimita 17 kutoka kichwani, ya chini sentimita 25 kutoka mguuni, ya tatu katikati yao. Skrubu za shaba hukatika ndani ya mninga. Toboa, piga skrubu ya chuma kwanza, itoe, ndipo uingize ya shaba ikiwa imepakwa sabuni.

Chini, upande wa nje, pigilia ubao ulioinama wa kutupia mvua, wenye kimfereji upande wa chini ili maji yadondoke badala ya kurudi ndani.

Kupaka

Fungua vyote, ulaze mlango. Vanishi iwe ya nje. Ile ya makabati ya ndani jua huipasua. Mkono wa kwanza iwe nyepesi inywewe, kisha mitatu mingine, msasa laini kati ya kila mmoja. Paka kichwa cha mlango, mguu wake, mashimo ya bawaba na shimo la kitasa. Mafundi wengi huruka mguuni kwa kuwa hakuna anayepaona, na hapo ndipo ncha za nguzo zinapofyonza maji kama utambi.

Mlango ukishafungwa, subiri wiki za kwanza za masika, kisha pitisha kipande cha karatasi ngumu kuzunguka mwanya wote ukiwa umefungwa. Kitakapokwama, weka alama kwa penseli. Usirande siku hiyohiyo, subiri mvua ikolee, upime tena palepale, ndipo utoe kunyoa moja au mbili na upake vanishi hapo.