Kugawa ruzuku za utetezi Nairobi: kuanzia tangazo hadi risiti ya mwisho

Mwongozo huu ni wa afisa wa ruzuku katika shirika la utetezi linalopokea pesa kutoka kwa mfadhili na kuzigawa kwa vikundi vya aina mbili. Kuna vikundi vya sera, vinavyochambua miswada na bajeti. Kuna pia vikundi vya mtaani, Mathare, Mukuru, Korogocho au Kawangware, ambavyo wanachama wake ndio wanaopanga foleni ya maji. Hesabu zote humu ni za ruzuku ya mfano ya shilingi 600,000 kwa mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Fuata kalenda ya bajeti ya kaunti

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kikundi kinachopata pesa mwezi wa Mei hufika kwenye kikao cha umma mafungu yakiwa yamekwisha kupangwa. Wakati wa kusukuma jambo ni Januari na Februari.

Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Tangazo litoke katikati ya Septemba, maombi yapokelewe kwa wiki 4, uteuzi uchukue wiki 3, ziara na ukaguzi wiki 2, akaunti na mkataba wiki 2. Hapo pesa zinaondoka mwanzoni mwa Desemba. Ukichelewa wiki mbili tu, unaingia sikukuu, watia saini wa akaunti wamesafiri mashambani, na kikundi kinaanza kazi Februari waraka wa mkakati ukiwa karibu kufika bungeni.

Hatua ya 2: Tangazo na fomu

Fomu isizidi kurasa 4, iwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Maswali matano yanatosha: tatizo ni lipi, nani mwenye mamlaka ya kulitatua, mtamfikiaje, nani atafanya kazi, na itagharimu pesa ngapi. Ruhusu pia maombi ya sauti ya dakika 10 kwa WhatsApp, na karani wa shirika ayaandike. Ukidai mpango wa kazi wa kurasa 30 kwa Kiingereza, utapata vikundi vyenye mwandishi mzuri, na pengine ukose vile vyenye watu nyuma yao.

Fadhili kikundi cha sera na kikundi cha mtaani juu ya jambo moja, lakini kwa mikataba miwili tofauti. Usimpe mchambuzi wa sera pesa zote ili yeye awagawie wa mtaani. Pesa zikipitia mkono wa pili hukawia, na wenye mtaa huishia kuitwa mkutanoni kujaza viti.

Hatua ya 3: Uteuzi

Wasomaji watatu, wawili kati yao kutoka nje ya shirika, kila mmoja atoe alama peke yake kabla ya kikao. Mgongano wa maslahi utangazwe kwa maandishi kabla faili hazijafunguliwa. Alama zikitofautiana kwa zaidi ya 20 kati ya 100, ombi hilo lisomwe upya kwa pamoja badala ya kutafuta wastani. Waliokataliwa waandikiwe sababu.

Hatua ya 4: Nyaraka na ziara

Uliza cheti cha usajili, katiba ya kikundi, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi kutoka mamlaka ya mapato) na taarifa ya benki ya miezi sita. Vikundi vya mtaani husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Soma tarehe ya mwisho ya cheti, maana kikundi kinaweza kuwa hai na cheti chake kimekwisha. Mashirika ya manufaa ya umma yako chini ya sheria yao ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024, na mengine ni kampuni zisizo za faida au amana (trust). Usimdai kila mmoja cheti cha aina moja.

Ziara ifanywe siku ya mkutano wao wa kawaida. Kaa nyuma, usikilize mwekahazina akisoma hesabu, na uone kama wanachama wanamuuliza maswali.

Hatua ya 5: Akaunti ya benki, kabla ya mkataba

Hapa ndipo ruzuku nyingi hukwama. Watu huweka sahihi mkataba kwanza, kisha siku ya kutuma pesa wanagundua kwamba akaunti haipokei. Mkataba unakuwa umeanza kuhesabu siku, na shughuli za kwanza zimepita. Fanya kazi hii yote kabla ya sahihi.

Anza na jina. Andika majina manne kwa mstari: lililo kwenye cheti, lililo kwenye akaunti, lililo kwenye PIN, na lile utakaloandika kwenye mkataba. Lazima yalingane herufi kwa herufi. Kosa la kila siku ni cheti kusema “Kikundi cha Vijana cha” fulani, benki ikaandika jina lilelile kwa Kiingereza, na mkataba ukatumia kifupi. Malipo yanaweza kurudishwa, na hata yakiingia, mkaguzi atauliza ulimlipa nani. Mfumo wa benki pia unaweza kulikata jina refu, kwa hiyo omba barua ya benki yenye jina kamili, nambari ya akaunti na tawi, ikiwa na muhuri. Picha ya kitabu cha hundi haitoshi. Lililo rahisi kubadilisha ni la mkataba, basi anza na hilo. Jina likiwa na kosa kwenye akaunti, kikundi kiende benki na cheti pamoja na kumbukumbu za mkutano.

Pili, PIN. Iwe ya kikundi. Mara nyingi utapewa PIN ya mwenyekiti kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopo. Ukiikubali, pesa za kikundi zitaonekana kama mapato ya mtu mmoja, naye ndiye atakayeitwa kujieleza.

Tatu, watia saini. Wawe watatu, na wawili wowote watoshe kutoa pesa. Wawili wakiwa ni mtu na mkewe au ndugu, benki haitakataa, wewe kataa. Uliza kila mmoja yuko wapi sasa hivi. Mmoja akiwa amehamia Mombasa na mwingine ameaga dunia, pesa zitaingia na hazitatoka. Kuwabadilisha kunahitaji kumbukumbu za mkutano zenye sahihi za wanachama, vitambulisho, PIN za wapya, na benki nyingi huomba pia barua kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Tenga wiki tatu.

Nne, uhai wa akaunti. Akaunti isiyotumika muda mrefu hulala, na kuiamsha ni lazima watia saini wafike tawini wenyewe. Njia ya kujua ni kutuma shilingi 100 za majaribio. Usikubali ujumbe wa simu kuwa uthibitisho. Kikundi kitoe shilingi 50 kutoka hapo, kisha kilete taarifa ya benki inayoonyesha kuingia na kutoka. Kutoka ndiko hufichua watia saini walioharibika.

Kikundi kisicho na akaunti kabisa kipewe muda wa kufungua, na gharama ya kufungua iingie kwenye bajeti. Usitume kwa simu ya mwekahazina, hata awe mwaminifu namna gani. M-Pesa hubeba hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, hivyo awamu ya kwanza ya 240,000 ingeingia bila shida, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Akiugua, akiibiwa simu au akigombana na wenzake, kikundi hakina pa kushika.

Kwa kutuma, tumia PesaLink, yaani kutuma papo hapo kutoka benki hadi benki, kwa kiasi kisichofika milioni moja, zaidi ya hapo RTGS, njia ya benki ya kiasi kikubwa. Hundi achana nazo.

Hatua ya 6: Mkataba na awamu

Kurasa 6, lugha nyepesi, usomwe kwa sauti mbele ya viongozi wote watatu. Gawanya 240,000, kisha 270,000, kisha 90,000. Awamu ya mwisho iwe ndogo, kwa sababu kikundi cha mtaani hakina akiba ya kutanguliza. Awamu ya pili itoke matumizi ya ya kwanza yakifika asilimia 75, ukingoja 100 kazi inasimama. Weka kifungu kinachokataza kumpigia debe au kumpinga mgombea au chama. Sheria inakataza, na Agosti 2027 ni uchaguzi mkuu, kwa hiyo taja mifano: fulana, usafiri wa mkutano wa siasa, jukwaa la kukodi.

Hatua ya 7: Risiti

Kubalianeni mapema ushahidi upi unakubalika. Mama anayepika chai Mukuru huenda hatoi ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Kwa malipo madogo, weka kikomo cha shilingi 3,000 ambapo vocha yenye jina, sahihi na msimbo wa M-Pesa wa herufi na tarakimu 10 vinatosha. Nauli zilipwe kwa M-Pesa ya kikundi na taarifa ya mwezi iambatishwe, kwani hiyo haighushiki kirahisi kama karatasi ya mahudhurio. Mtaalamu wa sera anayekodishwa hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, nayo hupelekwa KRA ndani ya siku 5 za kazi.

Karatasi za mahudhurio zina nambari za simu za watu wanaodai haki zao kwa serikali. Zisipigwe picha na kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda, na baadhi yao wanahitaji ulinzi huo kweli. Usikusanye nambari ya kitambulisho kama huna kazi nayo.

Hatua ya 8: Ripoti

Kurasa 3. Usiulize kama sheria imebadilika ndani ya mwaka mmoja. Uliza vitu vinavyoshikika: nakala ya mapendekezo iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na karani wa bunge, ukurasa wa ripoti ya kamati uliowataja, au barua ya kuomba habari na tarehe yake. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Isipojibu, kikundi kina siku 30 za kwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (ofisi ya Ombudsman), na nauli ya safari hiyo iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Awamu ya mwisho ilipwe ndani ya siku 10 baada ya ripoti kukubaliwa. Salio lisilotumika lirudi kwenye akaunti ileile lilikotoka, pamoja na barua fupi inayotaja nambari ya mkataba.