Risasi ipi inaelewana na bunduki yako

Wageni wanaofika kambini huniuliza risasi gani ni bora, nami huwauliza: unamwinda nani? Swala pala na kongoni, risasi ya saizi ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), ncha laini, inatosha kabisa. Mbogo ni habari nyingine. Hapo Tanzania hatushuki chini ya saizi ya .375, yaani upana wa kichwa kwa inchi, na kichwa chake cha kawaida ni greni 300, kama gramu 19 hivi.

Ncha laini huchanuka ikiingia mwilini. Solidi, yaani kichwa kigumu kisicho na ncha laini, haichanuki, inapenya tu, na mbogo akiwa kundini inaweza kutokea upande wa pili ikampata jike aliyesimama nyuma yake. Ndiyo maana naanza na ncha laini, solidi zinafuata.

Sasa shabaha. Bei ya boksi haikwambii kitu. Risasi za uzito mmoja kutoka viwanda viwili, kwenye mtutu uleule, zinaweza kutua sehemu mbili tofauti. Tena mifereji ya ndani ya mtutu ndiyo inayoizungusha risasi, na risasi ndefu inataka mzunguko wa kasi zaidi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kwa uzito uleule. Kikitawanya matundu, shuka hadi greni 270 au 250 kabla hujailaumu darubini.

Nunua boksi moja moja za aina tatu. Weka karatasi mita 100, mfuko wa mchanga chini ya mbao ya mbele, usiuguse mtutu. Piga tatu, acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika, na usugue mabaki ya shaba kabla ya kubadili aina. Mimi hulitazama sana tundu la kwanza, la mtutu baridi, maana porini ndilo utakalopiga. Matundu matatu ndani ya sentimita nne yananitosha. Mbogo tunampiga karibu, hatushindani kwenye karatasi.

Matundu yakishuka chini ovyo, huenda ni bega linaogopa teke. Mwombe mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, safari nyingine aweke ganda tupu. Ukivuta kifyatulio na mdomo wa mtutu ukainama, usimalize pesa kwenye risasi.

Ukishaipata inayokubali, nunua za kutosha zenye namba moja ya toleo, ile iliyochapwa kwenye boksi. Usiziache juu ya dashibodi ya gari: baruti ikipata joto, msukumo unapanda na risasi inahama.

Mwisho jaza magazini na uzikoki zote harakaharaka, ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye tuta. Solidi zenye pua bapa hukwama kwenye baadhi ya bunduki. Ikikwama hata moja, tafuta aina nyingine, hata kama ndiyo iliyotoboa karatasi vizuri kuliko zote.