Kumsaka babu Kaburu, kutoka Uasin Gishu hadi Rasi

Babu yangu alizaliwa kwenye shamba la Kaburu upande wa Moiben, na baba yake alikuwa huyo huyo mwenye shamba. Nyumbani kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Leo nina majina ya ukoo huo hadi Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, miaka ya 1600, na watu hudhani kazi ilikuwa huko nyuma. Hapana. Makaburu waliandika ubatizo, ndoa na mirathi bila kuchoka. Kinachosumbua ni kiungo kimoja tu, kati ya mlowezi na mtoto ambaye hakumwandika popote. Tumia nguvu zako hapo.

Anza na wazee, lakini usiulize "baba yake babu ni nani?" Utaambiwa chai inapoa. Uliza habari za shamba: lilipakana na la nani, mto gani ulipita, nyapara alikuwa nani, walilima ngano au mahindi. Uliza mtoto alizaliwa kabla ya nzige au baada yao, maana nzige walivamia Kenya kuanzia 1928. Kwa Wanandi, uliza alitahiriwa na rika gani. Shangazi yangu alikumbuka "Bwana Kosi" tu, na hilo lilitosha. Koos ni Jacobus, Piet ni Petrus, Faan ni Stefanus. Kwenye makaratasi utafute jina la ubatizo, si hilo la kuitana.

Kisha tafuta kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni. Mama yake babu hakuwa nacho, kwa kuwa kipande kilichoanza kutumika 1920 kilikuwa cha wanaume. Lakini kaka yake alichunga ng'ombe wa shamba lile lile, na wajukuu wake wamehifadhi kile kibati alichoning'iniza shingoni. Karatasi ya ndani imekatika kwenye mikunjo, ila safu ya mwajiri bado inasomeka: tarehe ya kuajiriwa, mshahara, tarehe ya kuachishwa, na sahihi. Huyo mchungaji, bila kujua, ndiye aliyetutunzia jina la ukoo wa Kaburu. Kwa hiyo waulizie wajomba, wapishi na madereva wa shamba. Usiishie kwa mama wa mtoto.

Ukishapata jina na mahali, nenda Ardhi House, ofisi za Wizara ya Ardhi, Nairobi, na namba ya L.R. ya shamba, yaani namba yake rasmi ya ardhi. Kama huna namba, ramani za zamani za Survey of Kenya kule Ruaraka zitakusaidia. Gazeti la Serikali, lililoanza 1899, linasomeka bure mtandaoni. Tazama hasa notisi za mirathi. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue zina ripoti za wilaya. Zinachosha, lakini zipitie.

Makaratasi haya yatathibitisha kwamba mtu huyo aliishi hapo miaka hiyo. Hayatathibitisha kwamba ni babu yako. Hapo ndipo vinasaba (DNA) vinapoingia. Mpime mzee kuliko wote aliye hai, si wewe, kwa sababu kila kizazi hupunguza fungu: mjukuu wa mlowezi hubeba takribani asilimia 25 yake, kitukuu kama 12. Kwetu, baba mdogo ndiye aliyetema mate ya kupimwa. Kama mstari wenu ni wa kiume mtupu, kipimo cha kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, kinafaa pia. Asilimia za "Ulaya" zisikushughulishe. Angalia orodha ya watu wanaolingana kwa vinasaba na huyo mzee aliyepimwa, uone kama koo za baba na mama wa mlowezi zote mbili zinajitokeza. Ikijitokeza moja tu, huenda mtu wako ni binamu yake aliyekuwa shamba la jirani.

Baada ya hapo ni mteremko. Makaburu wengi wa Uasin Gishu walihamia kusini uhuru ulipokaribia, hivyo kifo chake kinaweza kuwa kimeandikishwa Afrika Kusini. Tafuta taarifa ya kifo kwenye jalada la mirathi: fahirisi ya Nyaraka za Taifa za huko iko mtandaoni, na FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, imepiga picha majalada mengi, unayasoma bure. Fomu hiyo ni dhahabu. Inataja alikozaliwa, baba yake, mama yake kwa jina la kwao, wake na watoto. Chukua majina ya wazazi, tafuta fomu zao, na kuendelea. Yule mtoto unayemfuatilia hutamkuta kwenye safu ya watoto, usishangae. Ukikwama kwenye vita vya Makaburu na Waingereza vya 1899 hadi 1902, kuna orodha za kambi za Waingereza walikofungiwa wanawake na watoto.

Ukichanganywa na akina Jacobus watano, kumbuka desturi yao: mwana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Vitabu vyao vya koo huandika b2c4, herufi ikiwa kizazi na namba ikiwa nafasi ya mtoto. Rejista za ubatizo za Rasi zinaanza 1665. Ukifika huko usitarajie Wazungu watupu: Angela van Bengale, mtumwa aliyeachiwa huru 1666, aliolewa na Arnoldus Basson 1669, na koo nyingi za Makaburu zinatokana nao. Miti ya mtandaoni inayopanda hadi wafalme wa Ufaransa iache ilivyo.

Ukiamua kuwaandikia jamaa walio hai, barua ya kwanza iwe fupi. Taja shamba, miaka, na kiwango cha vinasaba mnacholingana. Omba picha. Usitaje ardhi wala urithi, na usimwite marehemu wao jina lolote baya, hata kama unalo. Mimi nilijibiwa na mjukuu wa dada yake, akanitumia picha ya mtu amesimama kando ya gari la ng'ombe, masikio yamechomoza vile vile kama ya baba mdogo.