Umeshika kivimbe kwenye titi? Fanya hivi kabla hujaanza kuulizia majani

Mama mdogo wangu alikaa na kivimbe miezi nane. Sio kwamba alikuwa hajakiona, alikuwa anakishika kila akioga, ila kwa vile hakiumi akasema kansa ingeuma bwana, haya ni mafuta tu. Siku anatuambia, ngozi ya pale juu ilishaanza kuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Kwa hiyo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe, maana tangu tuanze kuzunguka naye mahospitalini wadada wananiuliza maswali yaleyale, na kila mtu anawajibu "nenda kapime", basi, hakuna anayekwambia ukishafika pale unafanyaje.

Tuanze na hayo maumivu. Kivimbe cha kansa mwanzoni mara nyingi hakiumi kabisa. Titi linalouma ukikaribia siku zako halafu linatulia ukishamaliza, mara nyingi hiyo ni homoni tu. Ndo maana kusubiri mpaka kianze kuuma ni kujichelewesha mwenyewe.

Na sio kila kivimbe ni kansa, tena vingi sio. Mabinti wengi wa miaka ya ishirini wanakuwa na kile kinachokimbia ukikibonyeza kama gololi, wataalamu wanakiita fibroadenoma, sio kansa hiyo. Wengine ni kifuko cha maji. Anayenyonyesha anaweza kuwa na maziwa yaliyoganda. Sasa chako ni kipi? Hujui, na hata daktari kwa vidole peke yake anakisia tu.

Kujikagua sio mtihani kwa hiyo usijipe presha. Lengo ni uyazoee matiti yako, ujue kawaida yako ilivyo, maana titi la kawaida nalo lina vipunje punje ndani. Siku chache baada ya kumaliza hedhi ndo linakuwa laini zaidi. Simama mbele ya kioo, mikono kiunoni, kisha inyanyue juu, angalia kama kuna sehemu imebonyea, ngozi imebadilika, au chuchu iliyokuwa nje sasa imeingia ndani. Halafu bafuni ukiwa na sabuni, tumia vidole vitatu vya katikati vikiwa vimelala, sio ncha za kucha, zungusha taratibu titi zima mpaka kwapani na juu mpaka kwenye mtulinga. Kwapa watu wanalisahau sana. Ukikuta kitu kigumu ambacho hakikuwepo, au chuchu inatoa damu bila kukamuliwa, hapo usisubiri mwezi mwingine, nenda.

Ukifika zahanati au kituo cha afya usiseme "naumwa kifua" kwa aibu, utapewa dawa ya kifua. Sema "nina uvimbe kwenye titi, una muda fulani", na ukubali kuvua. Kama daktari hajakushika matiti yote mawili na makwapa, bado hujapimwa. Mama mdogo pale alipoanzia (sipataji) alipewa antibayotiki mara tatu. Tatu! Antibayotiki zina kazi yake, mfano unanyonyesha titi limekuwa jekundu, la moto, una homa, sawa meza dozi. Ila ukimaliza dozi moja uvimbe uko palepale, usipokee dozi ya pili, omba ultrasaundi au barua ya rufaa.

Ultrasaundi au mamografia (eksirei ya titi)? Inategemea umri. Kwa mdada mdogo matiti yamejaa tishu nzito, mamografia haioni vizuri, kwa hiyo wanaanza na ultrasaundi. Ukishavuka 40 hivi unaweza kufanyiwa zote mbili. Mamografia titi linabanwa katikati ya vibao viwili, ina karaha lakini ni sekunde chache, na siku hiyo usipake deodoranti wala pauda kwapani maana zinaweza kutokea kwenye picha kama vidoa vidoa. Halafu shika hili: picha ikisema safi na kivimbe unakishika, biashara haijaisha. Rudi uulize kinyama, yaani kuchukuliwa kipande kidogo cha hicho kivimbe kikapimwe maabara.

Kinyama ndo mwenye jibu. Unapigwa ganzi, wanaingiza sindano nene kidogo, inalia "ta!" kama stepla, mama mdogo aliruka kwa ule mlio kuliko kwa maumivu. Hapa ndo kuna lile swali kubwa la mtaani, eti kansa ikiguswa na sindano au kisu inasambaa. Hapana. Watu waliona fulani kapasuliwa na baada ya miezi mitatu kafariki wakalaumu kisu, kumbe alifika kansa ikiwa imeshasambaa. Ila kuna kosa la kweli: kutolewa kivimbe hospitali ndogo halafu nyama ikatupwa. Chochote kinachotolewa kwenye titi lako lazima kiende maabara ya patholojia. Ukipewa kichupa ukipeleke mwenyewe, hakikisha kimeandikwa jina lako na titi la upande gani, na kiwe na formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike), sio maji. Usiondoke bila kuuliza majibu ni lini na unampigia nani. WHO wanataka tangu mtu afike kituoni mpaka ajue ana nini isizidi siku 60, kwa hiyo ukifuatilia usijione msumbufu.

Majibu yakisema ni kansa, kuna mambo mawili ya kuuliza kwanza. Moja, wamepima ER na PR (zinaonyesha kama kansa inachochewa na homoni) na HER2 (protini inayoweza kuikuza kansa)? Hizo ndo zinaamua dawa, ukianza matibabu bila kuzijua ni kama kununua kiatu bila kupima mguu. Pili, iko hatua ya ngapi. Na usichanganye hatua na daraja kama nilivyochanganya mimi, nikalia usiku mzima. Hatua ni 1 mpaka 4, inaonyesha imefika wapi. Daraja ni 1 mpaka 3, linaonyesha seli zina ukali gani. Daraja la 3 sio hatua ya 3.

Lazima titi likatwe? Sio lazima. Kikiwa kidogo wanaweza kutoa kivimbe tu halafu unapigwa mionzi. Kikiwa kikubwa wengine wanaanzishiwa kemo (dawa kali za kuua seli za kansa) kwanza kisinyae. Kemo nywele zinatoka kweli, na zinaota tena. Bongo watu wengi wanaishia Ocean Road, hospitali ya kansa pale Dar, lakini Bugando Mwanza na KCMC Moshi nao wana huduma za kansa, usifunge safari ya Dar kabla hujauliza rufaa yako inakwenda wapi. Hela ikigoma usikimbilie kulala nyumbani, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali.

Mengine haraka haraka. Sidiria nyeusi, deodoranti, kuweka simu au hela kwenye sidiria, hayajaonekana kuleta kansa. Pombe inaongeza hatari, unene baada ya kukoma hedhi unaongeza, kunyonyesha kunapunguza kiasi. Za kurithi ni kama asilimia 5 mpaka 10 tu, kwa hiyo "kwetu hakuna" sio kinga. Wanaume nao wanapata, karibu mmoja katika kila wagonjwa 100, na wanachelewa balaa kwa sababu wanadhani ni jipu. Majani ya mstafeli? Hayajathibitishwa kutibu kansa kwa binadamu, na kama unakunywa mwambie daktari, usimfiche, maana baadhi ya mitishamba inagombana na dawa.

Mama mdogo yuko mwaka wa tatu wa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isichochee kansa, kidonge kimoja kila siku, angalau miaka mitano, joto la ghafla linamtesa mpaka analala na feni usoni, lakini hajaacha. Makaratasi yake yanakaa kwenye bahasha ya plastiki yenye zipu, na ripoti ya kinyama tumeipiga picha iko kwenye simu za watu watatu, maana ile ya kwanza ilitulowania na mvua tukitoka kituo cha daladala, tukaanza upya kuomba nakala.