Namna ya Kuweka Maarifa ya Kikundi Mahali Pamoja: Mwongozo kutoka Lamu

Msimu mmoja wa kaskazi, mashine ya barafu ya kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu ilizimika siku ambayo mashua tatu zilikuwa zimeshusha samaki, na mtu pekee aliyejua kuiwasha upya alikuwa safarini. Tulimpigia simu hadi magharibi bila kumpata, na kesho yake samaki wakauzwa kwa bei ya kutupa. Lililoniuma zaidi ni kugundua baadaye kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya hatua nne, ambazo zingeenea kwenye nusu ukurasa.

Mfumo wa kusimamia maarifa ni utaratibu wa kukusanya yale ambayo watu wa shirika wanayajua, kuyapanga, na kuyafikisha kwa mwenzao anayeyahitaji. Usianze kwa kununua programu. Weka daftari mezani kwa majuma mawili, na kila swali linaloulizwa ofisini liandikwe pamoja na jina la aliyelijibu. Utakuta kwamba maswali ni yaleyale, na kwamba majibu mengi yanatoka kwa mtu mmoja au wawili. Maarifa ya hao ndiyo ya kuandikwa kwanza.

Kikundi cha WhatsApp hakitoshi, kwa kuwa jibu la leo huzikwa na salamu za kesho. Kinachofaa zaidi ni wiki, yaani kurasa ambazo wanachama wote wanaweza kuzisoma na kuzisahihisha. Ward Cunningham wa Marekani, aliyeanzisha ya kwanza mwaka 1995, aliipa jina kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, na kwa kweli kama kusahihisha kosa si jambo la dakika moja, hakuna atakayejisumbua. Pale ambapo intaneti si ya kutegemewa, kurasa zichapishwe na kuwekwa kwenye faili karibu na kazi yenyewe; ukurasa wa barafu sisi tumeubandika ukutani, kando ya mashine.

Kichwa cha ukurasa kiwe swali kama watu wanavyoliuliza. Wetu unaitwa "Mashine ya barafu ikizimika, nifanye nini?" na si "Maelezo ya Kiufundi", kwa sababu mtu aliye katika haraka hutafuta kwa maneno yake mwenyewe. Chini ya hatua, andika tarehe na jina la mtunza ukurasa.

Yako maarifa ambayo hayaandikiki kwa urahisi. Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi walieleza mwaka 1995 kwamba maarifa ya shirika hukua yanapozunguka kati ya yaliyomo ndani ya watu na yaliyoandikwa. Nahodha anayepita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yanakupwa hawezi kukueleza yote anayoyaona juu ya maji, na ukimwomba orodha ya hatua atakupa tatu zisizomfaa mtu. Keti naye barazani, mwombe akusimulie safari ambayo nusura akwame, mrekodi kwa ridhaa yake, kisha kijana aandike na kumsomea tena. Yatakayobaki hayatajifunzwa ila chomboni, kwa hiyo ukurasa utaje tu ni nani wa kufuatana naye.

Msimlazimishe mvuvi kutoa siri ya mwamba wake. Hiyo ni riziki yake, na akihisi ananyang'anywa, atanyamaza hata katika yale ya wote. Namba za simu na za vitambulisho vya wanachama zisiwekwe kwenye kurasa za kila mtu, kwani Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019.

Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vingi vikabaki bandarini, kaeni mpitie kurasa zote, mfute zilizopitwa na wakati bila huruma, kwa maana ukurasa mmoja wa uongo huwafanya watu waache kuziamini zote. Halafu mpe mgeni wa kazi ukurasa, mwache aufuate peke yake huku aliyeuandika akiwa kimya pembeni. Mahali atakapokwama, paandikwe upya siku hiyohiyo.