Namna ya Kukokotoa Kiwango cha Vifo cha Wilaya ya London Enzi za Malkia Victoria

Tuchukue wilaya ya Paddington. Sheria ya 1855 ilizilazimu wilaya za London kuajiri maafisa wa afya, na wa kwanza Paddington, mwaka 1856, alikuwa John Burdon Sanderson. Ripoti za maafisa hao husomwa bure kwenye tovuti ya Wellcome Collection.

Hatua ya 1. Nakili idadi ya vifo vya mwaka mzima na idadi ya wakazi. Sensa ilifanyika kila baada ya miaka 10, kwa hiyo chagua 1861, 1871 au mwaka ulio jirani, kwa kuwa makadirio ya katikati huweza kupotoka sana.

Hatua ya 2. Gawanya vifo kwa wakazi, kisha zidisha kwa 1,000. Kwa mfano wa kubuni, vifo 2,080 katika wakazi 80,000 ni 26 kwa kila 1,000.

Hatua ya 3, ambayo wengi huiruka, ni kurekebisha vifo vya hospitalini. Hospitali ya St Mary's ilikuwa Paddington lakini ilipokea wagonjwa kutoka kwingine, na aliyefia humo aliandikwa humo humo. Waondoe wageni hao, kisha warudishe wakazi wa Paddington waliofia wilaya nyingine. Katika mfano wetu, ukiondoa 240 na kurudisha 80, kiwango kinashuka hadi 24. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa: nje ya London, Sheria ya Afya ya Umma ya 1848 iliruhusu mji uundiwe bodi ya afya bila wenyeji kuomba, endapo wastani wa vifo wa miaka 7 ulizidi 23 kwa kila 1,000.

Hatua ya 4. Tenganisha umri. Nyumba za matajiri zilijaa watumishi, wengi wao wasichana wenye afya, ambao wakiugua sana mara nyingi walirudi kwao. Ndiyo maana kiwango cha jumla huipendelea mitaa ya kitajiri kuliko inavyostahili. Usitumie wastani wa umri wa kufa badala yake. Ripoti ya 1842 ya Edwin Chadwick, mtetezi wa mageuzi ya afya ya umma, ilitaja miaka 15 kwa vibarua wa Liverpool, na hadi leo wapo wanaodhani kwamba kibarua alikufa akiwa kijana, ilhali vifo vya watoto ndivyo vilivyoushusha wastani huo.

Hatua ya 5. Vifo vya watoto wasiotimiza mwaka vigawanywe kwa waliozaliwa hai mwaka huo, si kwa wakazi wote. Angalia hasa robo ya Julai hadi Septemba, msimu wa kuhara. Kwa miaka iliyotangulia sheria ya usajili ya 1874, kumbuka kwamba vizazi kadhaa havikuandikwa, hivyo kiwango utakachopata huenda kimezidi kidogo hali halisi.