Mkihamia nyumba mpya, anzeni na koki kuu

Tulipohamia nyumba yetu ya pembezoni mwa mji, siku ya kwanza tulihangaika na mapazia. Leo ningeanza na koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme. Kila mtu nyumbani azijue zilipo, hata watoto wakubwa, maana bomba likipasuka usiku hakuna muda wa kutafutana na tochi.

Kisha pimeni kama kuna maji yanayovuja. Fungeni mabomba yote, pigeni picha mita ya maji, kaeni saa moja au mbili bila kutumia maji, halafu itazameni tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna uvujaji. Hapo fungeni koki ya kuingiza maji ndani: mita ikitulia, tatizo limo ndani ya nyumba, ikiendelea kuzunguka, liko kwenye bomba la ardhini kati ya mita na koki. Kwetu lilikuwa tangi la choo, na halikuwa na kelele yoyote. Tulitia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, tukasubiri nusu saa bila kuvuta maji, na rangi ikaonekana kwenye bakuli. Raba inayozuia maji ya tangi yasishuke kwenye bakuli ilikuwa imechakaa. Kubadilisha ni kazi ndogo.

Fanicha kubwa msizinunue haraka. Kaeni kwanza wiki kadhaa mjue jua la mchana linapiga chumba gani.

Na majirani, wasalimieni mapema. Watoto wetu walizoea mtaa siku walipopata wa kucheza nao.